Haujakatika Hata Mara Moja

…milioni tatu, anasema milioni tatu, na anaisema kwa sauti ya chini kama ya mtu anayetoa rambirambi, ati ni sadaka ya hitma wala si malipo ya kitu, milioni tatu taslimu zimo ndani ya bahasha na bahasha iko juu ya mkeka upande ule wa pazia, na kinachotakiwa upande huu ni simu tu, simu ya marehemu, tena hata si simu yenyewe, ni tarakimu sita zitakazoingia humo, 'Nisomee mara moja tu, shemeji, nikuache upumzike,' na Zuwena akamjibu, 'Sadaka haina masharti, Sibtain, yenye masharti inaitwa bei, sema bei tujue tunauza nini,' akasikia kikombe kikigonga kisahani huko ng'ambo ya kitambaa, na mkwewe Bi Saleha, aliyekaa naye chumbani akichambua mchele uliokwisha chambuliwa, akamfinya goti, 'Taratibu mwanangu, mwenye eda hapazi sauti,' haya, mwenye eda hapaki mafuta, hatii wanja, hatoki nje, hatazamani na mwanamume asiye maharimu wake, yote hayo anayafuata, tangu Luqmani azikwe hajakanyaga baraza, lakini sauti, nani kasema sauti nayo ina eda, 'Sauti yangu haikufiwa, mama,' akasema, na Bi Saleha akavuta pumzi, akarudi kwenye ungo wake, akaokota punje, akaitazama, akairudisha palepale… 'Zuwena, punguza ukali, mtu kaja kwa wema,' huyo sasa ni Haji, shemeji wa damu, mdogo wake marehemu, naye yuko huko kwenye mkeka na mgeni, tangu matanga yaanuliwe Haji amekuwa akimwita Sibtain bosi, na funguo za kibanda cha betri, zilizokuwa zikikaa mfukoni mwa Luqmani, sasa zinalia kiunoni mwake kila anapogeuka, che che che, anazisikia hata akienda chooni, 'Wema!' akasema Zuwena, 'wema gani huu una saa? Wema wenu mbona unafungwa saa kumi?' na Sibtain akasema si yeye aliyeweka saa kumi, ni wao wa kongamano, mwisho wa kubadili jina la msemaji ni saa kumi, wakifunga wamefunga, hawamjui shemeji wala hawaijui Kichangani…

Hawaijui, kweli, nani aijue Kichangani, ukitoka Moa kwa bodaboda unapita mikoko na mashamba ya chumvi mpaka unahisi barabara imekusahau, halafu unaona nguzo, na zile nguzo ndizo za Luqmani, Luqmani na huyu Sibtain mwana wa Kutbuddin, mwenye duka la sola kule Ngamiani, wewe mtaji mimi kazi, walipeana mikono hapahapa barazani, mmoja kavaa viatu vya kung'aa na mwingine miguu ina saruji, wakafunga paneli, wakafunga betri, wakavuta waya nyumba kwa nyumba mpaka zahanati, mpaka msikitini, na watu wakalia, wallahi wakalia, Bi Saleha alikaa chini ya taa yake ya kwanza akaitazama mpaka macho yakamtoka maji, akasema kumbe nyumba yangu ina buibui hivi… kisha likaja hili kongamano, kongamano la nishati, Dar es Salaam, wakubwa wa umeme na gesi na mafuta wanakutana kwenye hoteli, na anayetaka kupanda jukwaani aseme lazima kwanza atume muhtasari, maneno mia tatu yasizidi, aeleze kafanya nini na kwa nini asikilizwe, na mwaka huu hata Kiswahili wanakubali, hilo ndilo lililomtia Luqmani wazimu, 'Kiswahili, Zuwena! Hao watu wanataka kunisikia kwa Kiswahili!' akafungua akaunti kwa namba yake ya simu, akaketi pale penye kizingiti alasiri nzima akiandika kwa kidole kimoja, yeye Zuwena anakuna nazi, mbuzi inapiga kwaru kwaru, na kila sentensi ikisha anaisoma kwa sauti kama anayetangaza mpira, 'Sikiliza hii, hadi leo, tangu uwashwe, umeme wetu haujakatika hata mara moja,' na yeye akamwambia, 'Sema inshallah, bwana,' na Luqmani akacheka, yale meno, akasema, 'Inshallah ni ya jambo lijalo, mimi nasema lililokwisha kuwa, halafu wamesema mia tatu, nikimtia Mungu nitamtoa nani?' astaghfirullah, wakacheka wote wawili, mbuzi ikaendelea, kwaru kwaru, tui likapatikana, samaki akapikwa, na maneno yakatumwa, na wiki haikwisha…

'Ulimwambia asizime,' akasema. Hakujua kuwa atalisema sasa, alikuwa amelitunza, alitaka siku ya kutoka eda alivae kama nguo mpya, aende nalo Ngamiani, alisimamishe mbele ya duka lake na wateja wakisikia, lakini limetoka, 'Wewe ndiye uliyempandisha kwenye nguzo yenye moto ndani ya waya, Sibtain, kwa ajili ya hilo kongamano lako, halafu unaniletea bahasha,' na Haji akadakia, 'Zuwena, jamani, hayo yalikwisha,' 'Nyamaza Haji, sijakuita,' na Sibtain, sauti sasa haina tena ule upole wa rambirambi, imekwaruza, 'Wallahi shemeji, na nifie hapa, sikumwambia asizime. Asubuhi ile alinipigia niko dukani, akaniambia nguzo ya kwa Mwamvua inatoa cheche, chumvi imeshika juu, inataka kusafishwa. Narmin mwanangu alikuwepo, anasikia. Mimi nilimwambia, wewe ndiye fundi, fanya unavyoona.' Fanya unavyoona. Ehe. Fanya unavyoona, maneno ya mtu anayetaka jambo lifanyike lakini lisipite kwenye ulimi wake, ili yeye atoke na mikono misafi, asingeweza kusema zima? Neno zima lina uzito gani, herufi nne, lingemgharimu nini, dakika chache za giza, muda wa chai kuchemka, jua lenyewe kali hata taa hakuna aliyewasha… lakini hakusema usizime, anaapa, na Sibtain mengi anayo ila kiapo cha uongo hajapata kumsikia nacho, baba yake mzee Kutbuddin alikuwa akirudisha hata shilingi hamsini ya chenji kwa mtoto, basi nani, kama si yeye nani, maana miezi hii yote hasira yake ilikuwa na sura, ilikuwa na viatu vya kung'aa na gari la kijivu, ukimwondolea sura hiyo atamchukia nani humu ndani, ungo?

'Basi nisomee,' akasema. 'Nikusomee nini?' 'Huo muhtasari. Nisomee kitu ninachouza. Hata papa hauzwi bila kufunuliwa.' Haji akacheka kidogo, kicheko cha kuomba amani, na Sibtain akakohoa, akaanza, anasoma vibaya, anasoma kama risiti, lakini maneno ni ya Luqmani, Zuwena anayajua yalivyokaa, ile 'sisi watu wa Kichangani tulichoka kuitwa wa gizani', ile 'barafu ya samaki', ile 'mama mzazi hajifungui tena kwa tochi ya mdomoni', na ghafla si Sibtain anayesoma, ni yule mwingine, mwenye kizingiti, mwenye kidole kimoja, na Zuwena akajikuta ameinuka nusu, Bi Saleha akanyanyua macho, 'Nini?' 'Hakuna kitu, mama,' na huko Sibtain anaendelea, 'hadi leo, tangu uwashwe, umeme wetu haujakatika hata mara moja'… hata mara moja… na hapo ndipo ilipomrudia asubuhi yenyewe, si kama alivyoizoea kuitazama, ikiwa na Sibtain ndani yake, bali ilivyokuwa, Luqmani anachukua ngazi begani, anafunga koleo mpini wake kwa mfuko wa nailoni, mfuko mwekundu wa sukari, yeye yuko jikoni na moshi machoni, akamwuliza, maana ni mke wa fundi, miaka yote amemwuliza, 'Umezima?' na Luqmani hakusema ndiyo, hakusema hapana, alisimama pale penye mlango, akasema, 'Nikizima leo, yale niliyowaandikia yatakuwa uongo, na hawajayasoma bado,' akatabasamu, akatoka, ngazi ikagonga fremu ya mlango, alama ipo, ipo mpaka sasa, anaiona kila akienda kutawadha… Ya Rabi. Hakuna aliyempandisha. Si Sibtain, si kongamano, si chumvi. Alipandishwa na sentensi yake. Mtu asiyesema uongo, mtu aliyemrudishia Mwamvua pesa ya mita kwa sababu mita ilisoma mbele kidogo, mtu wa moja ni moja na mbili ni mbili, aliandika jambo la kweli kisha akaogopa lisiharibike, akaona bora apande na waya una moto kuliko neno lake lilale na doa, na watu wa Dar huko hata wasingejua, nani angewaambia, mbuzi? Mwongo angezima. Mwongo angezima, akasafisha, akashuka, akala, akaenda Dar akasema haujakatika, na leo angekuwa hapa anaulizia chai. Lakini huyu wangu, huyu mpumbavu wangu mnyoofu…

Simu chini ya paja lake ikatetemeka, tarakimu zimeingia, Sibtain ameshabonyeza huko, 'Zimefika, shemeji?' 'Zimefika.' 'Basi nisomee.' Hakusoma. Anazitazama, sita, zimejipanga kama watoto wa madrasa, akizitamka tu jina la Luqmani linatoka pale juu na la Sibtain linaingia, na Sibtain atapanda jukwaani na suti, na baada ya jukwaa watakuja wenye fedha, amekwisha kulisema hilo mara tatu, vijiji kumi, shemeji, vijiji kumi vya pwani vitapata umeme kama wenu, na ni kweli, hapo hasemi uongo, na milioni tatu nayo ni kweli, bati la jikoni linavuja, ada ya shule ya mwanawe Samiha haijalipwa, mchele anaochambua Bi Saleha umetoka kwa Sibtain huyohuyo, gunia zima, lipo pale pembeni na maandishi ya duka, tumbo lake mwenyewe linamdai akae kimya… vijiji kumi, na kila kijiji kitataka Luqmani wake, atatafutwa mtu mnyoofu, mtu wa neno moja, atapewa ngazi na funguo, ataambiwa kule Kichangani haujakatika hata mara moja, nanyi msituaibishe, na nguzo yake itashika chumvi, pwani yote ina chumvi, na mkewe atakuwa jikoni na moshi machoni… 'Hadi leo,' akasema. 'Nini, shemeji?' 'Umesoma hadi leo. Leo ipi?'

Sibtain akakohoa tena. 'Leo ipi, Sibtain? Leo ya kizingitini au leo hii, nami nimekaa eda?' 'Ni… ni maneno tu, shemeji, ndivyo yalivyotumwa, yamekubaliwa hivyo, ukigusa neno wanaweza kuyarudisha kwa wasomaji wao wayapime upya, tutakosa nafasi,' 'Haji,' akaita. Funguo zikalia. 'Naam.' 'Siku ile umeme ulikatika au haukukatika?' 'Ah, Zuwena…' 'Nakuuliza wewe, mwana wa Bi Saleha, mama yako yuko hapa anakusikia. Ulikatika au haukukatika?' na ungo ukasimama, punje zikatulia, hata Bi Saleha anangoja, maana wote wanajua, kijiji kizima kinajua, Luqmani yuko juu ameganda kwenye waya, watu chini wanapiga mayowe zima, zima, na kibanda cha betri kina kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwake kulekule juu, nani atauchukua, basi Haji akakimbia na shoka, akavunja kufuli, akaingia, mkono wake Haji ndio ulioshusha swichi kubwa, na kijiji kikanyamaza, jokofu la zahanati likanyamaza, redio kwa Mwamvua ikakatwa katikati ya neno, na mwili ukaanguka, na swichi hakuna aliyekuwa na moyo wa kuipandisha tena, Haji mwenyewe alikataa hata kukitazama kibanda, mpaka wakazika, mpaka kukapambazuka siku ya pili, na adhana za siku ile muadhini alizitoa kwa koo tupu, bila kipaza sauti, sauti ndogo, sauti ya mzee, kila aliyeisikia alijua kuna aliyekufa kabla hajaambiwa nani… 'Ulikatika,' akasema Haji, na sauti yake imekuwa ya mtoto. 'Niliukata mimi.' Bi Saleha akasema, 'Innalillahi,' polepole, kama habari imefika sasa hivi.

Na kwenye mazishi, hilo nalo likamjia, alisikia kutoka humuhumu chumbani, dirisha liko wazi, jeneza limewekwa, shekhe akasimama akatangaza kama inavyotangazwa kila mara, mwenye kumdai marehemu ajitokeze, tumlipie asilale na deni, na watu wakatazamana, hakuna, hakuna anayemdai Luqmani, watu wakasifu, mtu gani huyu kafa hadaiwi hata sigara, na yeye Zuwena kwenye kilio chake akaona fahari, fahari kidogo, kama mtu aliyeona ua kwenye takataka… kumbe anadaiwa. Anadaiwa, na deni lenyewe limeandikwa kwa jina lake, limetumwa, limekubaliwa, linangoja saa kumi. Aliwaandikia watu haujakatika, na ulikatika, ulikatwa kwa ajili yake, yeye ndiye aliyeukata kwa kufa kwake, na hakupata kushuka akawaandikia tena, jamani nisameheni, lile neno limebadilika. Neno la mtu asiyesema uongo limegeuka uongo na yeye hana mkono wa kulifuta. Roho ya muumini huning'inia kwenye deni lake, ndivyo walivyofundishwa wote hapa tangu udogoni, huning'inia, juu, kama alivyoning'inia… na wa kulilipa ni nani, si yeye, yeye yuko nyuma ya pazia, si Haji, si mama huyu na ungo, anayeweza kulilipa amekaa kwenye mkeka na chai yake imepoa, ana simu mkononi na ukurasa uko wazi, na anatoa bahasha, anatoa fedha kwa mtu asiyedai fedha, ajabu hii, tangu asubuhi wanagombana bei ya kitu kingine… hasira bado ipo, haijaenda kokote, lakini haina tena viatu vya kung'aa, imekaa wima, haipigi kelele, akashangaa hata alipofungua mdomo sauti ilitoka ya kawaida, ya kuagiza chumvi dukani. 'Kuna nafasi ya maneno mangapi humo?' 'Hakuna, shemeji. Yamejaa. Mia tatu kamili, marehemu aliyahesabu, hata moja haliingii.' 'Toa.' 'Nitoe nini?' 'Toa pale panapowasifu wafadhili. Toa hata barafu. Toa sentensi ile, haina mwenyewe tena.' 'Wakisoma kuna mtu kafa hawatatuita! Shemeji, fikiri, nani atatoa fedha penye maiti? Vijiji kumi…' 'Ni kwa ajili ya hao kumi.' 'Saa inakwenda, Zuwena!' Kwa mara ya kwanza amemwita jina lake, haya, vizuri, sasa tunazungumza watu wawili, akaiinua simu akaiona imezimika mwanga, akaigusa, tarakimu bado zipo, zikifa ataagiza nyingine, tarakimu hazina matanga, na upande wa pili bahasha ikasukumwa kidogo chini ya pazia, ncha yake nyeupe ikatokeza karibu na kidole chake cha mguu, akaitazama, akairudisha kwa mguu uleule.

'Ichukue. Hizo sikudai,' akasema. 'Siku ya mazishi iliulizwa nani anamdai Luqmani, hakujibu mtu. Najibu leo. Anadaiwa sentensi moja, na kalamu unayo wewe. Andika: umeme ulikatika siku fundi wetu alipokufa juu ya nguzo, kwa sababu hakuuzima. Ukimaliza nisomee, nami nitakusomea namba. Lipa, Sibtain.'